Mkusanyiko Wangu wa Mwaka

Kila mtu mzima anaruhusiwa kuhudhuria mkusanyiko mmoja tu wa zaidi ya watu watano kwa mwaka. Wangu niliutumia Machi, kwenye kongamano la madaraka ya rais na haki za raia. Somoe, shoga yangu wa mlango wa pili, alinionya: "Wewe na kiherehere chako, utakuja kulia!" Nikamjibu kwamba kongamano la haki haliwezi kuhesabiwa. Pale mlangoni bangili ya serikali ya kuhesabia mikusanyiko ikalia mkononi mwangu, ikageuka nyekundu. Nikaingia hivyo hivyo, nikapiga makofi siku nzima.

Juni akaposwa Mishi, binti yangu wa pekee, na mchumba wake alikuwa anasafiri kikazi, hakuweza kungoja mwaka mpya. Basi siku ya harusi nyumba yangu ilifurika watu mpaka kwenye ngazi, kama ninavyopenda, nami nimekaa kwa Somoe peke yangu, nasikiliza vigelegele ukutani. Somoe mwenyewe alikuwa huko, ananitumia umbea kwa simu: mama mkwe wa Mishi kaisema pilau yangu, halafu kaongeza sahani ya tatu.

Jioni Mishi akaja kuniaga, wanja umemchuruzika.

"Nilitaka mkono wako, mama. Aliyenishika ni mama mkwe."

Nikamfuta wanja kwa ncha ya kanga.

"Haya, huko kwenye kongamano mliamua nini?"

"Tukutane tena mwakani."

Akaitazama bangili. "Na wewe ulikubali?"

"Wote tuliinua mikono, mwanangu. Wakatuandikisha mkusanyiko wa mwakani pale pale."