Mita Hamsini

Ndama alikuwa bado anamsukuma mama yake kwa kichwa ili ainuke. Anasukuma, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anasukuma tena. Mama hakuwa na pembe, wala uso wa kutazamika.

Askari wa wanyamapori aliyemlinda kifaru yule kwa miaka tisa alikuwa amekaa vumbini, bunduki mapajani, analia bila kujificha. Kando yake alisimama dereva wa watalii ambaye hifadhi nzima ilimwita Mita Hamsini.

Jina alipewa kwa utani, naye akalibeba kama cheo. Madereva wenzake wakiona mnyama humkimbilia hadi puani. Yeye akifika mita hamsini anazima injini, basi, hata mgeni apige magoti.

"Hapa sisi ndio wageni, na hakuna aliyetualika," huwaambia. "Tukae mlangoni."

Kwa vifaru alikuwa mkali zaidi. Kabla ya kushuka bondeni alipitisha kapu, kila mgeni akatumbukiza simu yake. Picha moja tu ikisambaa na kuonyesha mahali, aliwaeleza, jangili hana haja ya kutafuta tena. Anakuja kuchukua.

"Nani alijua Bi Harusi amehamia huku?" askari aliuliza. Kifaru yule walimwita Bi Harusi kwa mwendo wake wa madaha. "Alihama Jumapili, kaka. Jumapili! Ni mimi na wewe tu."

"Na wageni wangu wa Jumatatu," dereva akasema. Papo hapo akamkumbuka mwalimu.

Alikuwa mama mstaafu, mjane, aliyeketi kiti cha nyuma kimya kabisa. Simu yake aliitia kapuni kama wenzake. Lakini Bi Harusi alipojitokeza na ndama ubavuni, dereva alimwona kwenye kioo ameshika simu nyingine, ndogo, kuukuu.

"Mama, na hiyo?"

"Ya marehemu mume wangu, mwanangu. Tulipanga kuja wote. Nimekuja nayo tu, na yeye awepo."

Akairudisha mkobani, akafuta machozi. Dereva alimwonea huruma, hakumdai aitie kapuni.

Sasa huruma ile ilimgeuka nyongo. Hakungoja hata kuondoka pale. Alitafuta namba ya mwalimu kwenye orodha ya wageni, akampigia huku ndama anasukuma.

"Umeua," alimwambia. "Umemwacha mtoto yatima kwa ajili ya picha."

"Picha gani, baba? Wallahi sikupiga picha. Ile simu haina hata kamera."

"Usiniongopee na uzee wako! Kumbe yale machozi ya marehemu yalikuwa danganya toto?"

Akakata. Kufikia saa kumi alasiri habari ilikuwa kwenye simu za madereva wote, na jina la mwalimu juu yake. Kampuni ilimfungia asirudi tena. Watu asiowajua walimpigia kumtukana, mmoja baada ya mwingine, hadi akazima simu zote mbili.

Jioni ile binti yake Mita Hamsini alipiga, kama anavyopiga kila jioni tangu aende kusomea uuguzi mji wa mbali. Mama yake alikufa binti akiwa mdogo. Walikuwa wawili tu duniani, naye tangu utotoni hakulala bila kuuliza swali moja.

"Baba, leo umeona nini?"

"Leo niache, mama."

"Unaumwa? Bi Harusi wangu hajambo?"

Dereva alisema mtandao unasumbua, akakata.

Kituoni askari alimtengenezea ndama maziwa, akalala naye zizini, akamfunika koti lake. Mita Hamsini alikwenda kila asubuhi. Siku ya kwanza ndama alinyonya kidogo, wakashikana mikono kama watu waliopata mtoto. Siku ya pili alikuwa anaelekea ukutani tu, anausukuma kwa kichwa. Siku ya tatu alikataa chupa. Siku ya nne hakuamka.

"Yule mwalimu na aletewe ngozi ya ndama huyu," dereva alisema wakati wa kuchimba kaburi. "Ailalie."

Askari alimtazama, akaendelea kuchimba.

Siku ya sita waliitwa wote wawili ofisini. Mpelelezi, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwakaribisha viti kabla ya kusema lolote. Majangili wawili walikuwa wamekamatwa, pembe wanazo. Walikiri kwamba hawakufuata nyayo wala kumhonga mtu. Walifuata picha waliyoikuta mtandaoni.

"Nilisema!" Mita Hamsini alipiga meza. "Siku ile ile nilisema. Mwalimu!"

Mpelelezi aligeuza kioo cha kompyuta taratibu, upande wao.

Bi Harusi alikuwa hapo, mzima, na ndama chini ya shingo yake. Chini ya picha simu ilikuwa imejiandikia yenyewe tarehe, saa na namba za mahali. Na pembeni, kwenye kiti cha nyuma, alionekana mwalimu akifuta machozi kwa mikono yote miwili.

"Iliwekwa na mwanafunzi mmoja wa uuguzi," mpelelezi alisema, akasoma maneno yaliyoandikwa juu yake: "'Kanitumia baba yangu leo. Kwa wengine ni mkali kama pilipili, lakini mimi hajawahi kuninyima kitu.'"