Mkwe wa Marcella

Marcella alizing'oa kabeji zake mwenyewe, zikiwa hazijafunga vizuri, na alizing'oa akiimba. Majirani wa Kibirichia waliopita njiani walidhani baridi imemwingia kichwani. Huyu ndiye mwanamke aliyefukuza kuku wa watu kwa mawe wakikaribia bustani yake, na sasa, katikati ya ukungu wa Julai, alikuwa akiiharibu kwa mikono yake miwili.

Alikuwa na sababu. Mumewe, Mwalimu Kaberia, alitaka nafasi ya kujenga nyumba ndogo.

"Msichana wa watu akija hapa atalala wapi?" mzee alikuwa amemuuliza. "Nataka aingie kabla ya Krismasi."

Marcella alimshukuru Mungu papo hapo, jembe mkononi. Mtoto wao wa pekee, Mutembei, alikuwa mlinzi huko Qatar, anakaribia miaka arobaini na hana mke wala dalili ya mke. Akiulizwa, alikata simu. Wanawake wa kanisani walikuwa wameacha kumuuliza Marcella habari za wajukuu. Walimwonea huruma, na huruma yao ilimchoma kuliko kejeli. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mkwe, na mtoto wa mkwe huyo mgongoni mwake.

"Mutembei usimtajie kwanza," Kaberia alimwonya. "Unajua vile huwa ukimgusia mambo ya bibi."

Alijua, akafunga mdomo. Yeye pia, mwalimu mstaafu mzima kama mumewe, aliyemaliza ujana wake akikamata watoto walioibiana majibu, hakuuliza swali la pili.

Alisita mara moja tu, siku msingi ulipochimbwa. "Lakini Baba Mutembei, nyumba ya kijana si hukaa karibu na geti? Hii iko mlangoni kwangu kabisa."

"Hayo ni mambo ya zamani. Akipata mtoto, si ni wewe utamsaidia?"

Hapo alimmaliza. Kuanzia siku hiyo Marcella alichota maji ya kukorogea simiti bila kuambiwa, na nyumba ilipoinuka alipanda maua pande zote mbili za mlango. Usiku wa baridi kali aliyafunika kwa nyasi ili sakitu isiyaunguze.

Kaberia naye alikuwa amegeuka mkulima ghafla. Mtu aliyeishi akimwachia mkewe jembe, baada ya kustaafu hakukosa kwenda Gakoromone siku ya soko kununua miche. Alirudi na miche michache na furaha nyingi. Huko ndiko alikompata Kanana, muuza miche, msichana mpole kutoka Igembe, na likizo ya Agosti ilipofika akamleta aone boma.

Marcella alimpenda kabla hata hajaketi. Alimpikia mukimo, akamtembeza kwenye viazi, akamwonyesha mahali pa kuanika nguo jua likikubali kutoka. Kisha akafungua sanduku akampa mashuka aliyokuwa amemwekea mkwe wake miaka mingi, yakinuka dawa ya nondo.

"Mimi uniite tu mama," alimwambia.

Msichana aliangalia chini, akayakunja mashuka upya ingawa yalikuwa yamekunjwa vizuri. "Nitakuita vile nitaambiwa siku hiyo ikifika."

"Umeona heshima?" Marcella alimwambia mumewe jioni. "Wa siku hizi hawako hivyo."

Kaberia alikubali kwamba hawako hivyo. Alikuwa amenyoa mvi zote na kununua koti jipya la kijivu, na mkewe alimtazama akijipima mbele ya kioo.

"Ng'ombe hazeeki maini," alimtania. Mzee alicheka mpaka akakohoa, naye akampiga mgongo polepole hadi kikohozi kikatulia.

Ilibaki ncoolo, kile kifurushi cha miraa bora kinachofungwa kwa jani la mgomba na kupelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila hicho hakuna posa inayosikizwa.

"Ni wewe utaibeba," Kaberia alisema.

"Mimi? Si hiyo ni ya wanaume?"

"Ndivyo wamesema kwao. Isipotoka kwa mkono wako, hawapokei."

Marcella alilia kwa heshima aliyopewa. Alichagua jani la mgomba mwenyewe, akalipangusa kwa kitambaa, akakifunga kifurushi na kukifungua mpaka kikamridhisha. Safari nzima ya kwenda Igembe alikipakata, wala hakukubali mtu amsaidie.

Wazee walikuwa wameketi wakiwangoja. Marcella alipita mbele yao akiwa na kilemba kipya, akapiga goti kidogo, akampa Mzee Bundi, baba yake Kanana, kifurushi kwa mikono miwili. Aliwaza jinsi atakavyompigia Mutembei simu jioni hiyo, na safari hii hatakata.

Mzee Bundi alifungua jani, akachomoa kijiti kimoja, akakitafuna taratibu. Kisha akaushika mkono wa Marcella, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuwa nimekataa, mama," alisema. "Nilimwambia Mwalimu, kama ni kweli mke mkubwa amekubali, alete ncoolo yeye mwenyewe. Sikujua kuna mwanamke wa roho kama yako. Kanana, njoo umsalimie mke mwenzako."

Kaberia alinyoosha koti lake, akasogea kwenye benchi ili msichana apate nafasi ya kukaa kati yake na Marcella.