Vidole vya Janeffer

"Kwani uliua mtu, mama?" jirani alimuuliza Janeffer aliposikia kwamba cheti chake cha polisi cha tabia njema kimekawia miezi mitano.

Sasa Janeffer alikuwa amerudi ofisi ya polisi mara ya nne kuchukuliwa alama za vidole. Shule moja ya bweni huko Kapkatet ilimwekea kazi ya matroni mpaka Jumatatu tu.

Afisa alimpaka wino vidole vyote kumi, akavikandamiza kwenye fomu, akaguna. "Hii pia makao makuu wataikataa, mama. Vidole havina mistari. Ni kama ulivipiga pasi!"

"Nimechuma chai miaka ishirini na sita."

"Basi pumzisha mikono miezi miwili, ndio urudi."

"Na Jumatatu je?"

Afisa aliinua mabega, akapuliza chai yake, akaiweka mezani ipoe.

Janeffer alitazama ncha za vidole vyake, laini kama kibuyu cha maziwa. Kisha akakivuta kile kikombe cheupe, akafumba macho, akamshukuru Mungu, akainywa chai yote.

Akakirudisha mezani kikiwa na madoa meusi yasiyo na mstari hata mmoja, akatoka.