Hospitali ya Wenye Kadi

Siku hizo ahadi za chama zilionekana kwa macho, ila kwa mwenye kadi tu. Kwa miaka tisa Nyamizi alipika akiitazama hospitali ya ghorofa saba nyuma ya nyumba yake. Kuta zake zilimeta kama maji yenye jua, na kila asubuhi alibaki ameduwaa kwa uzuri wake. Lakini mumewe, Mihayo, alipozidiwa na pumu, ilibidi apelekwe mjini kwa pikipiki, mwendo wa saa tatu.

Mihayo alipopata nafuu wakarudi, Nyamizi alikwenda ofisi ya tawi, akaiweka kadi yake mezani.

"Mama, ukiirudisha hutaiona tena hospitali," katibu alimwambia kwa upole.

"Nimeitazama vya kutosha, mwanangu. Mume wangu nusura afe mbele yake."

Nyumbani alimkuta Mihayo dirishani, macho yamemtoka kwa furaha.

"Njoo uone, mke wangu! Leo wamewasha taa za wodi zote."

Nyamizi akasimama kando yake. Aliona shamba la mahindi, na juu yake mbingu pana ajabu, tupu, ambayo hakuwa ameiona kwa miaka tisa.

"Unaona?" Mihayo akauliza.

"Naona," akajibu, akamshika mkono.