Ulimi wa Chenini

Tangu ndimi za wakazi wa Dodoma zirekebishwe zifuate chenini, zabibu nyeupe ya mkoa wao, chakula chochote kisichoendana na mvinyo wake kilinuka mdomoni kama mzoga. Samaki na jibini vilipita bila shida. Mlenda, mboga ya majani yenye utelezi, haukupita.

Nyemo alilijua hilo alipoketi kwa mama yake mbele ya ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Lakini mama, kwa jinsi alivyojua, alikuwa amekataa kurekebishwa, na kutema chakula chake ni kumtukana. Akachovya tonge. Mlenda ukavutika mpaka kidevuni, na harufu ya panya aliyeoza ikamjaa kooni. Akameza.

"Mtamu, mama."

"Mwongo wewe," mama akasema taratibu, tonge lake likiwa bado shavuni. "Walinirekebisha Jumatatu. Nilidhani nikila na wewe, mlenda utapita."

Wakaumwaga mlenda kwa kuku. Nyemo akafungua samaki aliyekuja naye, akamimina mvinyo, wakala. Samaki alikuwa mtamu kupindukia. Mama akajilamba vidole kama vile hakuwahi kuupenda mlenda, akaomba kipande kingine, na hapo ndipo Nyemo alipokimbilia nje kutapika.