Jino la Dhahabu Lisilo na Mwenyewe

"Hivi, mama Anthoula, huyu mumeo ana meno kweli?"

Muuza mikate ndiye aliyeuliza hivyo zamani, Thrasivoulos mume wa Anthoula akiwa hai, na foleni nzima dukani ikaangua kicheko. Anthoula hakukasirika. Lilikuwa swali la haki. Mumewe alikuwa na masharubu mazito kama ufagio, na alitafuna mdomo umefungwa. Siku ya harusi wapiga zumari walimzunguka mpaka wakachoka, hakucheka. Alipozaliwa binti yao hakucheka. Anthoula alimzoea hivyo, kama mtu anavyozoea nyumba isiyopata jua.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu azikwe, na ilibidi afukuliwe, maana makaburi ya kijijini ni machache na wengine wanangoja nafasi. Zisis, mchimba makaburi, aliingia shimoni na koleo lake. Padri akashika chetezo. Anthoula akakaa kwenye kigoda, kitambaa cheupe mapajani, tayari kukipokea kichwa. Kando yake jirani yake Polikseni, mjane mwenzake, alipiga magoti mbele ya beseni la divai ili aoshe mifupa.

Fuvu likatoka. Anthoula akalibusu kwenye paji, akaanza kulifuta udongo. Taya lilipoachama, kitu kikametameta kule nyuma kabisa.

Akachungulia. Akachungulia tena.

"Zisis, mrudishe huyu."

"Nimrudishe wapi, mama?"

"Ulikomtoa. Huyu si wangu. Ana dhahabu."

"Mimi nachimba tu, mama. Meno siyakagui."

"Miaka yote hii nawasha taa hapa! Nachemsha ngano ya marehemu, nagawia watu, nalia mpaka macho yanavimba. Kumbe namlilia mwanamume wa watu?"

Padri akaweka chetezo chini. "Binti yangu, labda alilitengeneza mjini asikwambie."

"Baba, nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana. Nilale na dhahabu nisijue?"

Padri akajikuna ndevu. Mifupa isiyojulikana ni ya nani haiwekwi kwenye sanduku la mifupa lenye jina; hutupwa katika shimo la nyuma ya kanisa, ikachanganyika na ya watu wote. Anthoula alilijua hilo. Akilikana fuvu hili nalo ni la mumewe, atakuwa amemtupa mwenyewe kwa mikono yake. Akilikubali nalo si la mumewe, basi siku moja sanduku lake litawekwa ubavuni mwa mwanamume asiyemjua, na siku ya ufufuo ataamka naye.

Akaitwa daktari wa meno kutoka mjini. Alifika na kitambaa cha mezani kikiwa bado kinaning'inia shingoni, akachukua kioo chake kidogo, akainama juu ya fuvu.

"Achama zaidi," akaliambia.

Zisis akakohoa. Daktari akazinduka, akalifungua taya mwenyewe.

"Ah! Kazi yangu hii. Tazameni. Jino lilipasuka katikati, bila shaka kwa kokwa ya zeituni. Mwingine angeling'oa. Mimi nikalichonga pande zote likabaki kisiki, nikachukua kipimo, nikalivika taji na kulishika kwa saruji. Jino lililo kando yake mmeona lilivyotoboka? Lakini hili, chini ya hiyo dhahabu, bado ni zima. Hata leo angeweza kuvunjia lozi."

"Nani huyo?" akauliza padri.

"Nani?"

"Mwenye jino, daktari!"

Daktari akatazama picha iliyobandikwa kwenye msalaba: masharubu, chini yake kiza. Akatikisa kichwa. "Hapa kafunga mdomo. Mimi watu nawajua wakiwa wamefungua."

"Kumbuka basi!"

"Namkumbuka mmoja. Nilimshauri taji jeupe, akakataa kabisa. Akasema anataka dhahabu, ing'ae. Nikamwambia, bwana, jino lenyewe liko kule mwisho, nani ataliona? Labda ucheke mpaka kimio cha kooni kionekane. Akaniambia, weka tu."

Anthoula akashusha pumzi. Uso ukamtulia, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi kwisha maneno," akasema. "Baba, si yeye. Thrasivoulos hakucheka hata siku moja. Nitaapa mbele ya sanamu ya Bikira ukitaka. Huyu apelekwe shimoni pamoja na wenzake, Mungu amrehemu, na Zisis achimbe tena, kushoto au kulia, anitafutie wangu."

"Una hakika, binti yangu? Akishaingia kule hatoki."

"Nina hakika. Sikuwahi kumwona meno."

Padri akamwashiria Zisis. Zisis akafungua mfuko wa kupelekea mifupa shimoni, akaanza kuzitupa mbavu humo, moja moja. Kisha akanyoosha mkono kulitwaa fuvu.

"Usimguse!"

Ilikuwa sauti ya Polikseni. Divai ilikuwa imemlowesha mpaka viwikoni, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Msimtupe shimoni, nawaomba! Ni yeye, ni Thrasivoulos! Juu kulia, la mwisho kabisa. Kila akicheka lilikuwa linang'aa mpaka nikawa namwambia, funga mdomo wewe, majirani wata—"

Akajiziba mdomo kwa mkono wenye divai.

Zisis akajifanya anatafuta koleo. Padri akatazama mbinguni. Anthoula alimtazama jirani yake kwa muda mrefu, bila kupepesa. Kisha akalifunika fuvu vizuri kwa kile kitambaa cheupe, akainuka, akamwekea Polikseni mapajani, akajifunga ushungi wake mweusi, na kutoka langoni.