Miche Isiyo na Doa

“Hizi zenye madoa zipeleke huko,” dada mtu alisema, akaisukuma trei kwa kiwiko. “Nimefuata miche, sikufuata wagonjwa.”

Mdogo wake aliiwahi trei kabla haijaanguka. Akairudisha mezani. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, mkubwa akifoka yeye ananywea. Hata mchumba wake alipomwacha akamuoa dada huyu huyu, alipiga vigelegele harusini kama watu wengine. Majirani wakamsifu, eti ana roho nzuri.

Ndani ya banda la nailoni joto lilikuwa balaa. Kazi yake hapo kituo cha utafiti ilikuwa kuipulizia miche ya nyanya ukungu wa ugonjwa, ule ule unaofyeka mashamba, kisha kusubiri aone ipi itauweza. Dada mtu alilijua hilo, ndiyo maana alikuja. Misimu miwili mfululizo shamba lake lilikuwa limeoza lote.

“Zote umezipulizia?”

“Zote, dada.”

“Basi hapo pana la kuuliza? Yenye madoa imeugua. Isiyo na doa imeshinda.”

“Lakini dada, haya madoa…”

“Nimeyaona, mimi si kipofu! Darasa lako kawape wanafunzi.”

Mdogo mtu akazisogeza pembeni zile zenye madoa.

Dada mtu akashusha pumzi, na sauti ikashuka nayo. “Mwenzio nimebanwa. Shemeji yako kasema nyanya zikifa tena msimu huu, anafungasha, anaondoka. Kachoka, anasema. Watoto wananiuliza baba ana nini, mimi niwajibu nini?” Machozi yakamlengalenga. “Nampenda yule mwanamume, jamani. Akiniacha nitakufa.”

“Chukua unazotaka,” mdogo mtu alisema taratibu. “Chagua mwenyewe, usije ukasema nilikuchagulia vibaya.”

Haya, nani mwingine angefanya hivyo? Akamsaidia kubeba trei zote za miche ya kijani, isiyo na doa, mpaka kwenye gari, akazifunika gunia bichi zisiungue jua. Dada mtu akamkumbatia, akalia begani kwake kwa kwikwi, akamwomba radhi kwa yale ya zamani, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

“Yalishapita hayo, dada.”

Gari lilipoishia barabarani, alirudi bandani akazipanga trei zenye madoa moja moja, polepole, kama anayepanga vikombe vya wageni. Hizo ndizo zilizofaulu. Mche unaomtambua adui huziua seli zake wenyewe pale alipoingilia, ukungu ukakosa chakula ukafia hapo hapo, na kinachobaki ni kidoa kikavu tu. Zile za kijani hazikuhisi lolote. Ukungu ulikuwa unatambaa ndani yake kimya kimya, na kabla hazijatoa hata ua zingekuwa zimelala chini zote.

Akanawa mikono kwa sabuni, akampigia simu shemeji yake.

“Kachukua zipi?” mwanamume aliuliza.

“Zile safi. Anza kufungasha, mpenzi.”